Pikipiki ya mkataba, kaunta buku na maandazi ya mama Nasra

Mi kwenye boda nimeingia Oktoba 2020, na sikuingia kwa kupenda. Nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi, biashara ikalegea, tajiri akatupunguza watatu, nikakaa nyumbani miezi miwili nikiwa mtu wa kutumwa chumvi. Shemeji yangu ndo akanikutanisha na mama mmoja mwalimu anakaa Kibamba, ana pikipiki mpya anatafuta kijana mwaminifu wa kumpa mkataba. Tukakaa sebuleni kwake, akanipa soda, akasoma karatasi kwa sauti kama anasomea darasa: hesabu 10,000 kila siku, siku 6 kwa wiki, Jumapili yangu, miezi 14, ikiisha ananipa kadi pikipiki inakuwa yangu. Mafuta, oili, pancha, faini, vyote juu yangu. Nikasaini hapo hapo, hata soda sijaimaliza.

Kwa wasiojua, 10,000 mara siku 6 kwa miezi 14 ni kama siku 364, yani 3,640,000. Pikipiki ile ile dukani wakati ule ilikuwa milioni 2.7 hivi. Kwa hiyo mwalimu anapata karibu laki 9 na 40 juu. Simlaumu hata kidogo, kaweka hela yake kwa mtu asiyemjua, ningekimbia nayo je? Lakini hiyo hesabu mi nilikuja kuipiga mwezi wa 7 wa mkataba, siku ya kusaini akili yote ilikuwa kwenye neno moja tu, "yangu".

Kijiwe changu cha kwanza kilikuwa Ubungo, hapa Dar, upande wa stendi ya mkoa. Kiingilio nililipa 50,000 kwa mwenyekiti, nikapewa namba kwenye foleni na nikaonywa mapema kwamba kuruka foleni faini 5,000 na ukirudia unahama. Pale kulikuwa na hela bana. Mabasi ya mkoani yalikuwa yanaondoka kuanzia saa 12 asubuhi, maana usiku yalikuwa hayaruhusiwi, kwa hiyo saa 10 alfajiri watu wote wa mjini wanakimbilia sehemu moja, na jioni mabasi yanaingia moja baada ya lingine wanashuka watu wamechoka, wana mizigo, hawajui hata Sinza ni upande gani. Huyo hawezi kubishana na wewe kuhusu buku.

Miezi minne tu. Mwanzoni mwa 2021 stendi ikahamia Mbezi Luis, Februari ikazinduliwa rasmi pamoja na ile flyover ya Ubungo, na Ubungo yetu ikabaki kama uwanja baada ya mechi. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Mama lishe aliyekuwa anauza sahani 60 za wali akawa anauza 10. Wauza maji, wapiga debe, wabeba mizigo, vijana wa vocha, wote wanaangaliana. Hapo ndo nikaelewa kumbe mi siuzi usafiri kama nilivyokuwa najidai, nauza pale watu wanaposhukia, wakishukia kwingine sina bidhaa. Watu wengi walidhani mabasi ya mwendokasi ndo yatatuua boda, tangu ilipoanza 2016 ndo ilikuwa stori ya vijiwe vyote, kumbe mwendokasi ilitulisha. Inamshusha mtu Kimara pale lami, nyumbani kwake ni mlimani huko juu njia ya vumbi, daladala haipandi, bajaji inapanda kwa kulialia. Nani anampeleka?

Basi nikahamia Mbezi, kiingilio tena 50,000, nikaanza upya kujifunza njia za Makabe, Msakuzi, Malamba Mawili, Goba. Na hapa niseme ukweli, ramani ya kwenye simu inajua barabara lakini haijui mvua. Ile njia ya chini ya Msakuzi kwenye simu ni fupi, ikinyesha nusu saa inakuwa mto na simu inaendelea kukwambia "nyoosha".

Sasa kisa cha kaunta buku. Mwezi wa 4 au wa 5 mwaka huo 2021, mama Nasra (mke wangu) akaniuliza usiku, kwa upole tu, "Baba Nasra, hivi hela ya boda huwa inakwenda wapi?" Nikakasirika. Unajua kukasirika kwa mtu ambaye hana jibu? Nikamwambia we hujui barabarani kukoje. Hakujibu, kesho yake akanunua kaunta buku akaiweka juu ya elementi yangu (kofia ngumu ya boda) na kalamu ya bluu.

Nikaandika mwezi mzima, kila kitu, hata maji ya 500. Kwanza mapato, siku nzuri 45,000, siku mbovu 18,000, jumla ya siku 26 ikaja 806,000. Nikapiga kifua. Laki 8! Dukani nilikuwa nalipwa 250,000 na kusimangwa juu. Halafu nikageuza ukurasa. Mafuta 195,000. Hesabu ya mwalimu 260,000. Kula barabarani, chai na chapati asubuhi, mchana wali maharage, kwa wastani 4,000 kwa siku, ikawa 104,000. Bando na vocha 26,000. Oili, breki shu na pancha 38,000. Faini moja 30,000, hiyo nilipakia mshikaki, mama na binti yake wa sekondari, walinibembeleza na mi tamaa ikanibembeleza zaidi. Jumla ya kutoka 653,000. Imebaki 153,000, ukigawa kwa siku 26 ni kama 5,900.

Natoka saa 11 alfajiri narudi saa 2 usiku. Masaa 15. Sijafika hata 400 kwa saa, na hapo tairi la nyuma sijaliweka maana lilikuwa bado linasukuma.

Mama Nasra anaamka saa 9 usiku anakaanga maandazi, saa 3 asubuhi ndoo imeisha, faida yake 6,000. Akikosa sana 5,000. Hakuna trafiki, hakuna mafuta ya sheli, ni ya kupikia tu. Nilimwonyesha kaunta buku, akasoma polepole akifuata mistari kwa kidole, akafika mwisho akasema "mh", akaenda kuloweka unga. Sikulala vizuri siku hiyo. Mi mwanaume nashinda juani nanusa moshi wa malori kumbe andazi limenizidi mia!

Nikiwa mkweli kwa nafsi yangu, kwenye ile 260,000 ya mwalimu kuna sehemu ilikuwa akiba yangu, maana pikipiki ilikuwa inasogea kuwa yangu. Lakini akiba ambayo inaweza kuibiwa, kugongwa, na ambayo inachakaa wakati unailipia, hiyo akiba ina presha. Kuna jamaa kijiweni alibakiza wiki 5 amalize, ikaibwa nje ya bucha ameingia kununua nusu kilo. Alilipa mpaka mwisho, anatembea kwa miguu.

Tangu kaunta buku nikabadilisha vitu viwili vitatu. Nilikuwa nazunguka kutafuta abiria, naita "kuwinda", nikaacha, nikakaa kwenye foleni, maana kuzunguka ni kuchoma mafuta ya kumtafutia mtu ambaye atakuja mwenyewe. Chakula nikaanza kubeba, maandazi yapo nyumbani nanunua chapati ya nini? Na nikaingia mchezo wa kijiwe, tuko 10, kila mtu 3,000 kwa siku, kila baada ya siku 10 unabeba 30,000, hiyo ndo tairi, hiyo ndo seti ya cheni. Benki wana aplikesheni ya akiba nzuri tu, niliwahi kuifungua, shida haina mwenyekiti wa kukufuata foleni kukuuliza "leo vipi?"

Mwezi wa 7 mwaka huo ndo ikaja ile bajeti. Sisi boda tulifurahi, faini ikashushwa kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa, watu wakapiga honi kijiweni. Bajeti hiyo hiyo ikaongeza shilingi 100 kwa kila lita ya mafuta, na ikaleta tozo ya miamala ya simu. Faini unalipa ukikosea, mafuta unaweka kila siku. Lakini tozo ndo ilinigusa kwa njia ambayo sikuitegemea. Mwalimu wangu nilikuwa namtumia hesabu kwa simu kila saa 12 jioni, na yeye kama Watanzania wote, "mwanangu usisahau na ya kutolea". Tozo ilipoingia akanipigia, "mwanangu usitume tena huko, tunalisha simu, lete mkononi." Kwa hiyo nikawa kila baada ya siku 3 naendesha mpaka Kibamba na 30,000 mfukoni, usiku, kumkabidhi mkononi, naandika kwenye daftari lake anasaini, ananiuliza watoto hawajambo, narudi. Mafuta ya kwenda na kurudi yanakaribia ile tozo tuliyokuwa tunaikimbia! Septemba wakaipunguza kwa asilimia 30, baadaye ikapungua tena na tena, lakini abiria walishajifunza. Kabla ya hapo nusu ya abiria walikuwa wanalipa kwa simu, baada ya hapo "kaka nina keshi" ikarudi. Watu wanasema Mswahili haamini teknolojia, mi naona Mswahili anapiga hesabu haraka kuliko wanavyodhani.

Na simu kwenyewe kuna siku ilinikomesha. Usiku, jamaa kashuka na basi, msafi, begi la magurudumu, nimpeleke Goba 5,000. Tumefika anasema hana keshi anatuma. Ujumbe ukaingia, "umepokea 15,000", jina na kila kitu. Anasema kaka nimekosea nimezidisha, nirudishie 10 tu hiyo 5 yako. Nikampa 10,000 yangu ya mkononi, yote niliyokuwa nimebakiza baada ya kutenga hesabu. Nafika sheli naweka mafuta nataka kulipa, salio 1,200. Nausoma tena ule ujumbe, umetumwa na namba ya kawaida ya mtu, kaandika mwenyewe kwa kidole, hata nafasi baada ya nukta kasahau. Tangu siku hiyo abiria akinitumia, siangalii ujumbe, naangalia salio, yeye akiwa amesimama. Wengine wananuna. Wanune.

Desemba 2021 nikamaliza mkataba. Mwalimu alitoa kadi kwenye bahasha ya kaki, akanipa na pilau. Nilirudi nyumbani naendesha taratibu kama nimebeba mayai.

Nikajua sasa 10,000 yote inabaki kwangu, maisha yamenyooka. 2022 ikaja na mambo yake, vita ya Urusi na Ukraine, mafuta yakaanza kupanda, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunasubiri bei ya EWURA, wale wanaopanga bei za mafuta, kama tunasubiri matokeo ya form four, Mei petroli Dar ikapita 3,000 kwa lita. Serikali ikaweka ruzuku ya bilioni 100 kwa mwezi lakini pampu ilikuwa bado inatisha. Abiria naye ukimwambia 2,000 imekuwa 2,500 anakuangalia kama wewe ndo umepigana hiyo vita.

Hapo ndo nikaingia kwenye apu za kuita usafiri. Vijana wa Sinza na Mwenge walikuwa wanazisifia sana, hukai juani, oda inakuja yenyewe. Mwaka huo huo mamlaka ya usafiri, LATRA, ilikuwa imeweka kamisheni ambayo apu inamkata dereva mwisho asilimia 15, kampuni moja kubwa ikaona haiwalipi ikasitisha huduma mpaka kiwango kilipobadilishwa. Madereva wengine walishangilia, wengine walilia. Mi nilifungua kaunta buku.

Chukua tripu moja, hii niliiandika kabisa. Niko Sinza, oda inaita, abiria yuko kilomita 3, anaenda kilomita 2 na nusu. Bei imeshapangwa 2,000. Nafika, hayupo, napiga simu, "kaka uko wapi, mi niko hapa kwenye geti jeusi", mtaa mzima mageti meusi. Dakika 8. Nampeleka, ananilipa, kamisheni 300, nabaki na 1,700. Kumfuata, kumpeleka na kurudi pale penye oda ni kama kilomita 10, robo lita, inakula 800. Nimebaki na 900 kwa dakika 40, bando langu, simu yangu inachemka kwenye mpini, na akiamka vibaya ananipa nyota 2 kwa sababu elementi inanuka (ilikuwa inanuka kweli, siku hizi nabeba zile kofia nyepesi za kuvaa ndani, za saluni, anaondoka nayo). Zile kilomita 3 za kumfuata hakuna anayezilipa. Kijiweni abiria ndo anakufuata, hizo kilomita 3 anatembea yeye.

Lakini sitaki kuiponda apu maana kuna kitu ilinipa. Usiku, mtu usiyemjua, apu inajua jina lake na lako, hilo linatuliza roho zote mbili, hasa akina dada. Na bei imeshaandikwa, hakuna kuanza kugombana "jana nimekuja kwa buku". Na kubwa kuliko yote, ilinikutanisha na watu ambao kijiweni Mbezi nisingewapata. Tripu ya tatu au ya nne na mtu yule yule anakwambia mwenyewe, "braza nipe namba yako, kesho nakupigia." Najua wenye apu hawapendi hilo. Mi sikumlazimisha mtu, ila namba nilitoa. Leo nina wateja 11 wa kudumu, 4 walitoka kwenye apu, na hao 11 ndo wananipeleka mpaka Jumamosi. Kuna mhasibu wa Goba, kuna watoto wawili wa shule (mmoja mmoja, mshikaki nilishaacha), kuna bibi wa kliniki kila Alhamisi ya pili, huyo naendesha 20 kwa saa na lazima tusimame Makabe asalimie mtu.

Kijiwe nacho sijakiacha, kwa sababu moja. Masika ya 2023 niliteleza kwenye udongo mwekundu, pikipiki ikanilalia mguu, si kuvunjika ila wiki 3 ndani. Apu iliniandikia ujumbe, "tumekukumbuka, ingia mtandaoni upate bonasi". Mwenyekiti wa kijiwe alikuja na 85,000 kwenye mfuko wa rambo, noti za 1,000 na 2,000 zimekunjwa kunjwa, na dogo mmoja akabaki kuwabeba wale watoto wa shule mpaka nikapona, na nilipopona akanirudishia wateja wangu bila neno. Hilo la kurudisha wateja ndo lilinitoa machozi kuliko 85,000.

Mwaka huo huo mabasi yakaruhusiwa kutembea masaa 24, ile saa 10 alfajiri ya kugombania watu ikapungua makali, wengine wakawa wanataka kupelekwa stendi saa 3 usiku. Ulale usilale. Halafu 2024 treni ya SGR ikaanza, mwezi wa 6 Morogoro, wa 7 ikafika Dodoma. Nina dada mmoja wa Makabe anafanya kazi Dodoma, nilikuwa namtoa kwake alfajiri mpaka stendi Mbezi, dakika 15, 3,000, kila baada ya wiki mbili. Siku moja ananiambia, "kaka leo hatuendi stendi, naenda na treni, nipeleke stesheni mjini." Na begi kubwa lile, mpaka mjini kwa boda? Nikamwambia dada nitakuonea, nikupeleke Kimara upande mwendokasi. Akafika Dodoma akanitumia picha ya chai kwenye kimeza, saa tu zimepita. Nilifurahi kwa ajili yake, na jioni kijiweni nikawaambia wenzangu, jamani, Ubungo imerudi. Wakacheka. Kweli Mbezi haijafa, watu wa Songea, Mbeya, Arusha bado wanashuka pale, ila wa Moro na Dodoma nawaona wamepungua kwa macho.

Wiki iliyopita dogo mmoja wa mtaani kanifuata, kapata mkataba, 12,000 kwa siku, miezi 18, anataka ushauri. Nikampa simu nikamwambia fungua kikokotoo, piga 12,000 mara siku 468. Ikaja 5,616,000. Dogo akafuta, akapiga tena. Ikaja ile ile. Akauliza dukani sa hivi inauzwaje, nikamwambia hata ukinunua kwa milioni 3 unakaribia kununua mbili. Akakaa kimya muda mrefu, anakwangua tope kwenye kandambili, halafu akasema, "sasa braza, hiyo milioni 3 mi naitoa wapi?"

Sikuwa na jibu, maana hata mimi 2020 sikuwa nayo. Kasaini juzi. Jumatatu nampeleka kumwonyesha njia ya juu ya Msakuzi.